Mkuu wa Chama Aliyekubali Kuhesabiwa
Maandishi ya hotuba kuhusu maisha ya kisiasa ya Milan Kučan wa Slovenia



Nimeombwa nizungumze juu ya mageuzi ya Ulaya ya Mashariki, nami nimemchagua mtu mmoja tu, Milan Kučan, Rais wa kwanza wa Slovenia. Najua wengi wenu mngependelea Lech Wałęsa wa Poland au Václav Havel wa Chekoslovakia, watu waliotoka gerezani na hatimaye wakaingia ikulu. Habari zao ni tamu, nasi wapenda mageuzi tumezizoea. Kučan alikuwa upande wa wenye funguo za gereza. Chama tawala kilimlea, kikamsomesha siasa, kikampa vyeo, na mwaka 1986 kikamkabidhi usukani. Miaka minne baadaye alisimama mbele ya wapiga kura kama mgombea yeyote, akangoja kuhesabiwa.

Kwa nini tujishughulishe naye? Kwa sababu katika kila nchi inayotoka chini ya chama kimoja hufika siku ambapo wapigania demokrasia hulazimika kuamua juu ya watu wanaotoka nyumba ya chama hicho. Wengine hutoka kwa kuwa merikebu inazama. Wengine hutoka kwa dhamiri. Wengi, nadhani, hutoka kwa sababu zote mbili zikiwa zimechanganyika, hata wao wenyewe hawajui ipi ilitangulia. Je, tuwapokee au tuwafungie mlango? Waslovenia walilijibu swali hilo kwa kura ya siri, na jibu lao liliwaudhi watu wema wengi.

Slovenia ni nchi ndogo. Eneo lake ni kama kilomita za mraba 20,000. Ingeingia ndani ya Kenya zaidi ya mara 25. Watu wake ni kama milioni mbili, nayo imepakana na Italia, Austria, Hungaria na Kroatia. Tangu mwisho wa Vita Vikuu vya Pili hadi mwaka 1991 ilikuwa mojawapo ya jamhuri sita za Shirikisho la Yugoslavia, lililoongozwa na Josip Broz Tito mpaka kifo chake mwaka 1980. Kila jamhuri ilikuwa na bunge lake, serikali yake na tawi lake la chama. Hata hivyo chama chenyewe kilikuwa kimoja tu, Umoja wa Wakomunisti, na nyuma yake lilisimama jeshi la shirikisho.

Kučan alizaliwa tarehe 14 Januari 1941 katika kijiji cha Križevci, eneo la Prekmurje, karibu na mpaka wa Hungaria. Jamaa yake ilikuwa ya Kilutheri, katika nchi ambayo Wakristo wake wengi mno ni Wakatoliki. Baba yake alikuwa mwalimu, naye aliuawa wakati wa vita kwa kuwapinga wavamizi, mwanawe akiwa bado mdogo. Kijana alisomea sheria katika Chuo Kikuu cha Ljubljana akahitimu mwaka 1963. Akaongoza umoja wa vijana wa chama, akawa Spika wa Bunge la Slovenia kuanzia 1978 hadi 1982, kisha akapelekwa Belgrade, makao makuu ya shirikisho, akakaa huko hadi alipoitwa nyumbani mwaka 1986 kuwa mkuu wa chama cha Slovenia. Hapo hamna jambo la kushangaza. Ni ngazi ya kawaida ya mtoto wa chama, na pengine mnawafahamu wenzake wa karibu zaidi waliopanda ngazi kama hiyo.

Mwaka huo huo wa 1986, Slobodan Milošević alishika uongozi wa chama katika jamhuri ya Serbia. Wawili hawa walizaliwa mwaka mmoja, 1941. Wote walisomea sheria, na wote walilelewa na chama kimoja. Wote pia waliona jambo lile lile, kwamba watu hawakukiamini tena chama wala uchumi wake uliokuwa ukiporomoka. Milošević akaitafuta nguvu mpya katika hasira ya kabila lake, akawaambia Waserbia kwamba wanaonewa na kila jirani. Kučan akaitafuta katika kuwaachia watu wazungumze. Atakayesema kwamba mfumo ndio unaomfanya mtu kuwa mwovu, na kwamba kiongozi hana hiari, na awaweke watu hawa wawili mizanini.

Lakini nisimvike Kučan joho asilostahili. Mlango hakuufungua yeye. Wananchi waliubisha kwanza, tena kwa muda mrefu. Februari 1987 jarida la wasomi liitwalo Nova revija lilichapisha makala zilizodai wazi demokrasia na haki ya Waslovenia kujiamulia mambo yao. Belgrade ilitaka waandishi washtakiwe. Wakuu wa Ljubljana hawakuwafungulia mashtaka. Wahariri walipoteza nafasi zao, ila hakuna aliyekwenda gerezani. Mei 1988 wakulima, chini ya mkulima mwenzao Ivan Oman, waliunda umoja wao usiokuwa chini ya chama. Naam, walioanza walikuwa wakulima. Vyama vya wasomi wa mjini vilifuata mwaka uliofuata.

Kisha ikaja kesi. Gazeti la vijana, Mladina, lilikuwa likiwasumbua majenerali kwa kufichua biashara yao ya silaha na anasa zao. Katikati ya mwaka 1988 wakakamatwa waandishi watatu, Janez Janša, David Tasič na Franci Zavrl, pamoja na askari mmoja, Ivan Borštner, kwa shtaka la kuwa na siri ya jeshi. Walishtakiwa mbele ya mahakama ya kijeshi mjini Ljubljana, milango imefungwa, bila mawakili wa kiraia. Tena kesi iliendeshwa kwa Kiserbia-Kikroatia, ambayo ndiyo lugha ya jeshi, katika mji mkuu wa Waslovenia, dhidi ya Waslovenia. Kwa watu waliokuwa wamevumilia mengi, jambo hili la lugha lilikuwa kama chumvi juu ya kidonda. Iliundwa kamati ya kutetea haki za binadamu chini ya Igor Bavčar, na zaidi ya watu 100,000 wakatia sahihi kuiunga mkono. Wengine walisimama nje ya mahakama siku baada ya siku. Borštner alihukumiwa miaka minne, Janša miezi 18.

Na Kučan je? Hapo ndipo wanahistoria na wanasiasa wa Slovenia wanapogombana hadi leo. Alisema hadharani kwamba Waslovenia hawawezi kuihesabu kuwa yao nchi isiyoiheshimu lugha yao, wala haki na uhuru wao. Maneno hayo yalikuwa mazito kutoka kinywani mwa mkuu wa chama. Lakini Janša alishikilia kwa miaka mingi kwamba wakuu wa chama walijua mapema na wakaliacha jeshi lifanye kazi yake. Kwa upande wangu naona hivi: Kučan alikuwa mtu wa tahadhari aliyepima upepo kabla ya kutweka tanga. Makumi ya maelfu walipojitokeza barabarani, aliona upande ambao watu wake walikuwa wamesimama, akasogea huko. Sioni aibu kulisema hilo. Kusogea upande wa wananchi ni afadhali kuliko kuwatumia polisi, na tunawajua viongozi wengi ambao upepo uliwapiga usoni na bado wakaita polisi.

Kuanzia hapo hakurudi nyuma. Tarehe 27 Februari 1989 kulikuwa na mkutano mkubwa katika ukumbi wa Cankarjev dom, Ljubljana, wa kuwaunga mkono wachimba migodi wa Kialbania wa Kosovo waliokuwa wamegoma kula chini ya ardhi. Mkuu wa chama alipanda jukwaa moja na viongozi wa upinzani, akasema kwamba wachimba migodi wale walikuwa wakiitetea Yugoslavia yenyewe. Ghadhabu ilivuma Belgrade, na umati mkubwa ukakusanyika mbele ya bunge. Septemba mwaka huo Bunge la Slovenia likapitisha marekebisho ya katiba, licha ya onyo la uongozi wa shirikisho. Desemba likapitisha sheria za kuruhusu vyama vya siasa na uchaguzi wa ushindani. Zingatieni mpango huu. Kabla ya mtu yeyote kuomba kura, kanuni za kuombea kura zilikuwa zimeandikwa, na bunge lililoziandika lilikuwa la chama kilichoweza kushindwa kwazo. Kwetu kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, lakini kanuni nyingine nyingi ziliachwa kama zilivyokuwa, na mnajua tulilipa nini.

Mahubiri ya Mchungaji Timothy Njoya ya Mwaka Mpya wa 1990 jijini Nairobi yaliyataja mageuzi ya Ulaya ya Mashariki na kuuliza kuhusu mustakabali wa chama kimoja Afrika, nayo yaliwakasirisha wakubwa. Mwezi huo huo, tarehe 20 Januari, Umoja wa Wakomunisti wa Yugoslavia ulifungua mkutano wake mkuu mjini Belgrade, ambao ulikuwa wa mwisho. Mkutano ulikubali kwamba chama kiache kuwa chama pekee kwa mujibu wa katiba. Lakini ujumbe wa Slovenia, ulioongozwa na Ciril Ribičič aliyekuwa amempokea Kučan uongozi wa chama, ulitaka zaidi. Ulitaka kila jamhuri iwe na chama chake kinachojitegemea, na haki za raia zilindwe kwa vitendo. Pendekezo baada ya pendekezo lilipigiwa kura likaanguka, na kila lilipoanguka ukumbi ulipiga makofi. Usiku wa tarehe 22 Waslovenia walisimama, wakachukua mafaili yao, wakatoka. Mjumbe mmoja mwanamke alionekana akilia, kwa maana alikuwa akiondoka katika nyumba aliyoishi maisha yake yote. Milošević alitaka mkutano uendelee bila wao. Wakroatia nao wakakataa. Chama kilichotawala miaka 45 kikasambaratika usiku ule, bila risasi.

Aprili 1990 ukafika uchaguzi. Vyama vipya viliungana chini ya jina Demos, na mgombea wao wa urais alikuwa Jože Pučnik. Huyu Pučnik alikuwa mwanafalsafa aliyefungwa mara mbili na wakomunisti, tangu 1958, kwa ajili ya maandishi yake. Alitumia gerezani jumla ya miaka saba, akahamia Ujerumani, akafanya kazi za mikono kabla ya kuwa mhadhiri, na akarudi nyumbani mwaka 1989 akiwa na mvi. Wananchi wakawekewa mbele yao mfungwa wa zamani na mkuu wa zamani wa chama kilichomfunga. Ninyi na mimi tungempigia nani?

Duru ya kwanza, tarehe 8 Aprili, Kučan alipata asilimia 44 na Pučnik 26. Duru ya pili, tarehe 22, Kučan alishinda kwa asilimia 58 na ushee. Lakini bungeni wapiga kura wale wale walikipa Demos viti vingi, na Lojze Peterle wa Wakristo wa Kidemokrasia akawa mkuu wa serikali. Yaani walikiondoa chama, wakambakiza mtu. Na Baraza la Urais lenye watu watano lilipoketi, mmoja wa wanne waliokaa pamoja na Kučan alikuwa yule mkulima, Ivan Oman.

Wako waliolia siku ile, na siwalaumu. Haki ingetaka Pučnik ashinde, ikiwa urais ni tuzo ya mateso. Lakini urais si tuzo, ni kazi, na mwenye kazi ndiye huchagua mfanyakazi. Sisi tuliopitia kura ya mlolongo ya mwaka 1988, tukihesabiwa mchana kweupe na bado mstari mrefu ukatangazwa kuwa umeshindwa na mfupi, tunapaswa kuelewa uzito wa kura ya siri iliyohesabiwa sawasawa, hata ikimkataa mtu tunayempenda. Pučnik aliyakubali matokeo. Alibaki kuongoza muungano uliounda serikali, na ndiye aliyekuwa miongoni mwa wa kwanza kusukuma kura ya maoni juu ya uhuru. Katika mambo yote ya uchaguzi ule, hilo kwangu ni kubwa kuliko ushindi wa Kučan.

Sasa niwaambie jambo ambalo watu wa kanisa watalipenda. Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945, wakomunisti waliwaua bila hukumu maelfu ya Waslovenia, wengi wao askari waliokuwa wameshirikiana na Wajerumani, na kuwatupa katika mashimo ya msitu wa Kočevski Rog. Kwa miaka 45 wajane hawakuruhusiwa hata kuwasha mshumaa hapo. Tarehe 8 Julai 1990 Askofu Mkuu Alojzij Šuštar aliongoza misa katika msitu ule, na Kučan alikwenda, akazungumza, akapeana mkono na Askofu Mkuu mbele ya maelfu ya watu. Kumbukeni kwamba baba yake mwenyewe aliuawa na upande wa pili wa vita vile. Wako waliosema kwamba hakutubu vya kutosha kwa niaba ya chama, na kwamba kupeana mikono hakufukui mifupa. Wana hoja, kwani kazi ya kuwatafuta na kuwazika wale waliouawa imeendelea kwa miongo mingi baadaye. Hata hivyo alikwenda, ilhali angeweza kutuma salamu.

Mambo ya uhuru nitayapita upesi, maana yamesimuliwa sana. Tarehe 23 Desemba 1990 wananchi walipiga kura ya maoni, na sharti lilikuwa kwamba ndiyo ipate zaidi ya nusu ya wote walioandikishwa, wakiwemo wasiofika kituoni. Ilipata asilimia 88. Uhuru ulitangazwa tarehe 25 Juni 1991, na siku mbili baadaye vifaru vya shirikisho vikaanza kusonga. Waziri wa Ulinzi wa Slovenia alikuwa nani? Janša, yule yule aliyehukumiwa na mahakama ya kijeshi, na Waziri wa Mambo ya Ndani alikuwa Bavčar wa kamati ya haki za binadamu. Vita vilidumu siku kumi, na waliokufa pande zote hawakufika 100. Tarehe 7 Julai, katika visiwa vya Brioni, Kučan na wenzake walikubali mbele ya wapatanishi wa Ulaya kuusimamisha uhuru kwa miezi mitatu. Ilikuwa dawa chungu, wengine wakaiita usaliti. Oktoba askari wa mwisho wa shirikisho akaondoka.

Lakini kuna doa ambalo marafiki zake hawapendi kulitaja. Tarehe 24 Januari 1991 Kučan alikutana na Milošević mjini Belgrade, nao wakatoa tamko la pamoja: Waslovenia wana haki ya kwenda njia yao, na Waserbia wana haki ya kuishi katika nchi moja. Kwa Slovenia, yenye Waserbia wachache, sentensi hiyo ilikuwa rahisi. Kwa Kroatia na Bosnia, zenye Waserbia wengi, ilikuwa ya kutisha. Siwezi kusema kwamba damu ya Vukovar na Sarajevo iko mikononi mwa Kučan, kwa kuwa aliyeimwaga anajulikana. Lakini aliyekimbia nyumba inayowaka akamwachia mwenye kiberiti maneno laini hawezi kukwepa kuulizwa.

Doa la pili ni baya zaidi kwa sababu lilitendeka ndani ya demokrasia mpya. Tarehe 26 Februari 1992 serikali iliwafuta katika daftari la wakaazi wa kudumu watu 25,671, wengi wao wazaliwa wa jamhuri nyingine za Yugoslavia ya zamani ambao hawakupata uraia mpya. Hawakupewa taarifa. Mtu alikwenda ofisini kwa shughuli ndogo, karani akamnyang'anya kitambulisho, na tangu hapo hakuwa na kazi halali, matibabu wala pensheni. Rais wa Slovenia hana madaraka makubwa, na amri ile haikutoka kwake. Lakini ikulu ina sauti, na sauti yake juu ya jambo hilo haikulingana na ile iliyosikika kuhusu wachimba migodi wa Kosovo. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliihukumu Slovenia mwaka 2012, na Rais mwingine, Borut Pahor, ndiye aliyeomba radhi rasmi mwaka 2022. Mwanaharakati anayedhani kazi yake imekwisha siku vyama vingi vinapoandikishwa na aisome habari ya watu hawa.

Katiba ya Desemba 1991 ilimpa Rais miaka mitano, na vipindi viwili tu mfululizo. Kučan, akiwa amekwisha kuacha uanachama wa chama chochote, alichaguliwa Desemba 1992 kwa asilimia 63 na ushee, na tena Novemba 1997 kwa asilimia 55, mara zote mbili katika duru ya kwanza. Huenda angeshinda mara nyingine. Hakugusa katiba. Desemba 2002 alimkabidhi Janez Drnovšek ofisi, na mwezi huo huo, tarehe 30, Wakenya walijaa Uhuru Park kushuhudia makabidhiano yao wenyewe, baada ya miaka 24 ya rais mmoja. Mwezi Mei uliofuata Kučan aliketi kwenye kiti cha shahidi mjini The Hague, na aliyekuwa akimhoji kutoka upande wa mshtakiwa alikuwa Slobodan Milošević.

Jože Pučnik alifariki Januari 2003, majuma machache baada ya mshindani wake kuondoka ikulu. Hakuwahi kuwa rais. Tangu mwaka 2007 uwanja wa ndege wa Ljubljana umeitwa kwa jina lake, na kila mgeni aingiaye nchini kwa ndege hukutana kwanza na jina la mfungwa.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Nitashukuru kusikia maswali, hasa kutoka kwa wale ambao wangempigia Pučnik.